Kilo za Marehemu

Mizani ya nyumbani kwetu haikuwa na msimamo. Ukiiweka karibu na mlango inakuambia kilo themanini na nne. Ukiisogeza hadi dirishani, hatua tatu tu, inakuambia themanini na nane. Si kosa lake. Nyumba zetu za mji wa Salt zimejengwa kwenye mgongo wa kilima, na vigae vya sakafu vimelala huku na kule, hakuna kimoja kilichonyooka kama mwenzake. Kwa hiyo siku niliyorudi kutoka hospitali ya Amman na karatasi ya daktari mkononi, niliisukuma ile mizani chini ya kitanda kwa mguu, na baadaye nikaamua kuiamini mashine ya mazoezi.

Karatasi ilikuwa na namba tatu. Themanini na sita na nusu, uzito wangu. Sabini na tisa na nusu, uzito ninaotakiwa kuwa nao kabla hawajanipasua na kumpa mdogo wangu Mutasim figo yangu moja. Na kumi, idadi ya wiki.

"Kwa nini kumi?" nilimuuliza Daktari Rawan.

"Kwa sababu mishipa inamwishia." Alihesabu kwa vidole. "Mkono wa kushoto umeziba. Wa kulia umeziba. Sasa tunamsafisha damu kwa mpira wa shingoni, na mpira wa shingoni huingiza maradhi. Jopo la madaktari linakaa baada ya wiki kumi. Ukija na uzito huu watakukataa, na mimi nitakuwa wa kwanza kukukataa."

"Kwa kilo saba tu, daktari?"

"Kwa kilo saba tu. Sitamharibu mtu mzima ili nimponye mgonjwa."

Hakukuwa na mwingine. Baba alishatangulia, Mama ana sukari, na sisi tulizaliwa wawili. Mutasim alikuwa na miaka ishirini na tisa na kikombe kidogo cha plastiki alichokichora mstari wa kalamu: maji yake ya siku nzima. Nilikuwa namwona akilowesha midomo, anakirudisha kikombe, anakitazama.

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule ya wasichana. Nilipiga hesabu ile ile usiku nikiwa kitandani, na asubuhi nikairudia ubaoni kabla wanafunzi hawajaingia. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni karibu kalori elfu saba na mia saba. Kilo saba, wiki kumi. Kila siku nichome zaidi ya ninachokula, kwa kalori mia saba na sabini. Inawezekana. Nikaifuta.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kukimbilia, ile yenye mkanda unaozunguka chini ya miguu na kioo cha namba mbele ya kifua. Ilikuwa ya marehemu Abu Raed, mume wa shangazi Inaam. Alipopata ugonjwa wa moyo aliambiwa atembee, akaona aibu kutembea barabarani akihema, akanunua mashine. Aliitembelea miaka miwili. Alipofariki, shangazi hakuweza kuitazama wala kuiuza. Aliposikia habari ya figo, alituma wanaume wanne wakaipandisha ngazi mia na kumi na nane hadi kwetu. Ukumbini haikupita. Ikabaki kwenye sebule ya wageni, katikati ya makochi, mahali ambapo mtu yeyote akija kumwona mgonjwa ataketi na kunitazama.

Na walikuja. Kuugua kwetu si siri. Wanawake wa mtaa walikaa na chai yao, Raed mtoto wa shangazi akipita na rafiki zake kwenda chumbani kwa Mutasim, na mimi katikati yao natembea nisiende popote. Ningevaa suruali na fulana kama wale wa kwenye televisheni? Nilivaa dishidasha la nyumbani linaloburura hadi vidoleni, na ili lisiniangushe nilivishika vishikio vya pembeni kwa mikono miwili kama mtu anayevuka mto.

Kulikuwa na jambo jingine. Kila ukiiwasha, kabla mkanda haujasogea, kioo kinakuuliza uzito wako. Namba inawakawaka pale. Ukitaka unaibadilisha, hutaki unabonyeza kitufe cha kijani, inaanza. Mimi, nikiwa na shangazi nyuma ya bega na mke wa jirani kwenye kochi, niandike kilo zangu mbele ya kadamnasi? Nilitandaza taulo juu ya kioo, nikakitafuta kitufe cha kijani kwa kupapasa, nikabonyeza. Taulo niliitoa mwisho, saa nzima imepita, nikisoma jambo moja tu: kalori.

Shangazi ndiye aliyekuwa akizitangaza. Anavaa miwani, anainama, anavuta pumzi kama anayesoma majina ya waliofaulu.

"Mia sita na arobaini! Mashallah, Taghrid! Hapo umemaliza kondoo na mchungaji wake!"

"Shangazi, kaa basi."

"Nikae vipi? Kipande cha kunafa kina ngapi, mwalimu?"

"Mia nne."

"Basi kula kipande, na bado una haki ya mia mbili na arobaini. Nani alisema hesabu ni ngumu?"

Wanawake wanacheka. Sahani ya kunafa inafika, kitamu cha jibini kinacholowa shira. Na sahani ya shangazi Inaam huikatai. Yeye ndiye aliyetulea Mama alipolazwa miezi mitano; yeye ndiye mwanamke mkubwa wa ukoo upande wa Baba. Kumkatalia chakula ni kama kumfungia mlango. Niliona hata bahati: namba ile ilinipa njia ya kumtii shangazi na kumwokoa Mutasim kwa wakati mmoja. Kalori mia sita na arobaini zimeingia, za kunafa zimetoka, mia mbili na zaidi zimebaki kwa mdogo wangu. Mkate nimeupunguza, wali nimeupunguza. Jioni naziandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlango wa jokofu. Nilikuwa nazitazama namba zile kama msichana anavyotazama picha ya mchumba.

Niseme ukweli, nilizipenda. Hakuna aliyenishikia kijiko.

Wiki ya sita Daktari Rawan alinipandisha kwenye mizani ya hospitali. Kwa hesabu ya jokofuni nilipaswa kuwa themanini na mbili.

"Themanini na sita na gramu mia moja," alisema.

"Pima tena."

Akapima tena. Nikavua viatu. Nikavua saa. Nikavua herini, Mungu anisamehe, kana kwamba kilo nne zimejificha masikioni.

"Themanini na sita na gramu mia moja. Taghrid, unakula nini?"

"Ninakula nilichochoma, daktari. Pungufu ya nilichochoma."

"Nani amekuambia umechoma kiasi gani?"

"Mashine."

Hakucheka. Ningependa angecheka. Aliandika namba, akageuza karatasi upande wangu. "Umebakiwa na wiki nne. Kilo sita na gramu mia sita. Sikushauri kuzitafuta kwa njaa, kwa sababu ukijishindisha njaa nitaiona kwenye damu yako, na hapo nitakukataa kwa sababu nyingine."

Nje, kwenye benchi, Mutasim alikuwa amefunga skafu shingoni kuficha mpira. "Enhe? Umekuwa unyoya?"

"Kilo tatu na nusu," nikamwambia.

"Mungu akulinde, dada." Akaninyooshea kiganja nikakipiga. Kilikuwa kikavu kama karatasi. Njia nzima kutoka Amman nilitazama nje ya dirisha la gari la Raed.

Kesho yake nilimwita Abu Shukri, fundi wa mashine za mazoezi. Nilitaka aniambie mashine ni nzima na daktari ndiye aliyekosea. Mama alikaa nasi sebuleni, tasbihi mkononi. Abu Shukri akapiga magoti, akatia mafuta mkanda, akaukaza, akaiwasha. Hakuweka taulo. Akatazama kioo, akageuka, akatutazama mimi na Mama kwa zamu.

"Samahani, mama, sina nia mbaya. Nani humu ndani ana kilo mia na thelathini na nne?"

Mama akaacha kuhesabu tasbihi.

"Hakuna," nikasema.

"Yupo. Mashine inamjua. Kila ikiwaka inamwita yeye." Akagonga kioo kwa kucha. "Hii kumbukumbu haifutiki mpaka uibadilishe."

"Abu Raed," Mama akanong'ona. "Allah amrehemu. Ni Abu Raed huyo."

Nilikaa chini kwenye mkanda wenyewe. "Kwa hiyo kalori zilikuwa zake."

"Za mwili wake. Wewe ulitembea, mashine ikamhesabia marehemu. Mtu wa kilo mia na thelathini na nne akipanda mwinuko huu ana kazi. Wewe kazi yako ni ndogo zaidi." Kisha akaniuliza, taratibu, "Na mikono unaiweka wapi ukitembea?"

Nikamwonyesha.

"Ala! Umejitundika. Mashine inadhani unabeba mwili wako kupanda mlima, kumbe vishikio ndivyo vinavyokubeba."

"Niambie kweli. Mia sita na arobaini ilikuwa ngapi?"

"Dada yangu, mimi fundi, si mganga. Hata ukiandika uzito wako sawasawa na mikono ukaiachia, namba hiyo bado ni ya kukisia. Haikujui moyo wako, haijui umri, haijui kama umezoea. Inajua kasi, mwinuko, na uzito ulioidanganya. Mia tatu labda. Labda pungufu." Akafuta mikono. "Watu huitazama kama saa ya ukutani. Si saa. Ni kama yule mzee wa sokoni anayenyanyua tikiti na kukuambia kilo zake kwa mkono."

Alipoondoka nilikokotoa pale pale, nyuma ya karatasi ya jokofuni. Kila siku niliamini nimechoma mia tatu na arobaini ambazo hazikuwapo, nikazila. Mkate na wali niliopunguza vikaziba pengo tu, nikawa sijapunguza kitu. Wiki sita za mdogo wangu nilikuwa nimezila kwa kijiko, moja moja, na shira ya kunafa juu yake. Na sababu ni kwamba niliona haya kubonyeza tarakimu mbili mbele ya wanawake wanaojua uzito wangu kwa kunitazama tu.

Jioni ile nilimwambia Mutasim ukweli.

"Kwa hiyo," akasema, "Abu Raed amefanya mazoezi wiki sita akiwa kaburini."

"Usicheke."

"Nisipocheka nitafanya nini, dada?" Akakichukua kikombe chake, akakiweka. "Wiki nne bado?"

"Wiki nne."

"Basi acha kulia. Mimi sina maji ya kukusindikiza."

Niliiacha mashine. Salt ina ngazi, na ngazi haziulizi uzito. Kila alfajiri baada ya swala na kila alasiri baada ya shule nilishuka zile mia na kumi na nane na kuzipanda, mara nane, mara kumi, mara kumi na mbili, dishidasha nimelikunja kiunoni juu ya suruali ya Mutasim. Magoti yalikuwa yakinena. Mwenye duka la viungo pale chini alinitazama siku mbili, ya tatu akashindwa kujizuia.

"Mwalimu, umesahau nini huko juu?"

"Kilo sita."

"Ukizipata usizishushe kwangu!"

Nilikula tango, mayai, dengu, mtindi. Kwenye mizani ya duka la dawa, iliyo juu ya sakafu iliyonyooka, niliona namba zikianza kutii: themanini na tano, themanini na nne na nusu. Nikalala na kizunguzungu, nikaamka nacho. Wasichana darasani walinisahihisha kujumlisha.

Kwa shangazi nilikwenda mwenyewe kumweleza. Nilizungumza kwa adabu zote nilizofundishwa. "Shangazi, mashine ilikuwa na hitilafu ya namba. Naomba uniachie wiki hizi chache nisile vitu vyako. Baada ya upasuaji nitakula mpaka unifukuze."

"Hitilafu?" Alikunja uso. "Abu Raed aliitembelea miaka miwili, hakuna hitilafu. Nani amekutia maneno? Yule daktari mwanamke? Wewe umekonda, uso umekuwa kama kiatu. Hujaolewa, unataka kutoa figo, na sasa unataka kutoa na mashavu? Atakayekuchukua atachukua nini?"

"Atachukua kilichobaki."

"Mdomo huo!" Lakini alinibusu kipajini, na jioni akaleta sinia ya kabichi zilizojazwa. Mama aliipeleka kwa majirani. Kesho yake ikaja nyingine.

Wiki ya nane Raed alichumbia. Mkwe alitoka mji wa Madaba, watu wazito, na shangazi akawaandalia karamu nyumbani kwake. Sinia za mansafu zilipangwa sakafuni upande wa wanawake, mlima wa wali, mwana-kondoo juu, mtindi moto ukimwagwa kutoka kwenye birika. Nilikwenda kwa sababu kutokwenda ni tusi. Nilikaa mwisho kabisa, karibu na mlango, nikachezea iliki ya kahawa yangu. Asubuhi ile duka la dawa lilikuwa limesema themanini na tatu na gramu mia mbili. Kilo tatu na gramu mia saba, siku kumi na nne. Nilikuwa nasikia njaa mpaka kwenye meno.

Shangazi akaniona. Alikata nyama laini ya shavu, ile anayopewa mgeni wa heshima, akaifinyanga na wali kiganjani, tonge la mviringo linalong'aa samli, akaja nalo juu ya vichwa vya watu.

"Huyu ndiye Taghrid wetu!" aliwatangazia wa Madaba. "Anampa mdogo wake figo. Na anafanya mazoezi kwenye mashine ya marehemu mume wangu, kila siku kalori mia sita na arobaini, nimezisoma kwa macho haya! Fungua mdomo, mwanangu. Hili unalo, umeshalilipia."

"Shangazi, nimeshiba."

"Umeshiba hewa? Fungua."

"Shangazi, tafadhali."

Tonge liligusa mdomo wangu. Samli ikanishuka kidevuni. Wanawake thelathini walikuwa wakitazama, mama wa bibi harusi akitabasamu akingoja nitafune. Nikafumba mdomo. Nikaushika mkono wa shangazi, nikaushusha.

"Mia sita na arobaini hazikuwa zangu," nikasema, na sauti yangu ikatoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Zilikuwa za Abu Raed. Mashine ilikuwa bado inampima yeye, kilo mia na thelathini na nne. Mimi nimekula kwa hesabu ya marehemu wiki sita na Mutasim anakufa. Sili."

Tonge lilianguka kwenye zulia. Mtu mmoja alicheka, msichana tu, akafunika mdomo haraka. Mama wa bibi harusi akatazama sahani yake. Shangazi alisimama na kiganja wazi, samli ikimeremeta, na nikaona uso wake ukizeeka pale pale. Mumewe alikuwa ametajwa kilo mbele ya wakwe, na mkono wake umerudishwa.

Siku ya pili gari la Raed lililotupeleka hospitali halikuja, wala Raed mwenyewe aliyekuwa akimbeba Mutasim kwenye ngazi.

Mutasim husafishwa damu mara tatu kwa wiki. Tuliteremka kwa miguu hadi kwenye basi la Amman, mimi na yeye, ngazi mia na kumi na nane, mkono wake shingoni mwangu. Kushuka ilikuwa afadhali. Kurudi, akitoka kwenye kile kitanda ameishiwa nguvu, tulipumzika kila ngazi ya tano. Siku moja katikati aliketi kabisa.

"Dada. Mwombe radhi tu."

"Unataka nimwombe radhi?"

"Nataka gari." Alifumba macho. "Sijui. Nimechoka. Mimi ndiye nakuua, unanielewa? Wewe unaota ngazi, mimi naota maji."

Nilimbeba mgongoni ngazi zilizobaki. Sikuwa nimejua naweza. Alikuwa mwepesi mno, na wepesi wake ndio uliokaribia kunivunja.

Wiki ya kumi mizani ya hospitali ilisema themanini na gramu mia saba.

Daktari Rawan aliiandika namba, akafunga faili. "Jopo limekubali kukungoja siku saba," alisema. "Saba, si nane. Homa ya jana ya Mutasim ni ya mpira wa shingoni, safari hii tumeiwahi. Kilo moja na gramu mia mbili, na damu yako ibaki safi. Ule, ulale, utembee. Usinifanyie ushujaa."

Siku ya nne kati ya zile saba, baada ya alasiri, walikuja. Nilisikia fimbo ya Haji Dhaifallah kwenye ngazi kabla sijamwona. Ndiye mzee wa ukoo, magoti yake yana miaka themanini, na alikuwa amezipanda zote. Nyuma yake Raed, nyuma yake wajomba wawili, na mwisho shangazi Inaam amevaa nguo nyeusi, sahani iliyofunikwa kwa kitambaa mikononi. Wakaketi sebuleni kuizunguka ile mashine. Mama akaleta kahawa. Haji Dhaifallah akakipokea kikombe, akakiweka mezani mbele yake bila kukigusa kwa mdomo, na wengine wote wakafanya vivyo hivyo.

Kila mtu wa kwetu anajua maana yake. Wamekuja na ombi. Kahawa hainywewi mpaka ombi likubaliwe, na nyumba inayoiacha kahawa ya wageni ipoe imejivika aibu ya miaka.

"Mutasim, mwanangu," Haji Dhaifallah alianza, kwa kuwa Mutasim ndiye mwanamume wa nyumba, "hatukuja kwa makubwa. Shangazi yenu amevunjika. Tunataka dada yako aombe radhi, aseme mbele yetu kwamba alilosema juu ya marehemu si kweli, na ale tonge moja kutoka mkononi mwa shangazi yake. Moja. Raed gari lake liko chini, litampeleka mgonjwa kesho na kila siku."

Sahani ilifunuliwa. Ilikuwa mansafu, moto bado. Harufu ya mtindi na samli ilijaza chumba, na mate yakanijaa mdomoni kama mtoto.

Mutasim alitazama vikombe vitano vya kahawa ambavyo yeye hata kimoja asingeruhusiwa kukimaliza. Jasho la homa lilikuwa limerudi kwenye paji la uso.

"Haji," akasema, "umenipa heshima kubwa. Lakini ombi hili haliko kwangu. Liko kwake."

Wote wakanigeukia.

"Tonge moja lina nini, Taghrid?" Raed akasema. "Moja tu, dada. Tusiaibishane."

Tonge moja halina kitu. Nilikuwa nimelikokotoa tangu kitambaa kilipofunuliwa: kalori mia moja na ishirini, tuseme na hamsini. Ningelipanda kwenye ngazi na kulimaliza kabla ya magharibi. Lakini nyuma ya tonge lile kulikuwa na sinia, na nyuma ya sinia kulikuwa na kesho na keshokutwa, na kilo ambazo ningelazimika kusema hazikuwapo. Asubuhi ile duka la dawa lilikuwa limesema themanini na gramu mia moja. Siku tatu. Gramu mia sita.

Shangazi hakuweza kungoja. "Wewe unadhani nagombea tonge?" Sauti yake ilikatika. "Nimemzika mume, nimemzika kaka yangu, baba yako. Mutasim Mungu ndiye anayejua. Na wewe? Wakikulaza juu ya meza ile usiamke? Angalau ukienda uwe umeshiba kwangu! Angalau hilo nilifanye!"

Hilo sikulitegemea. Nilitaka kwenda kumshika. Miguu ilisogea hatua moja, nikaona sahani magotini mwake, na mkono wake tayari unakusanya wali.

Nikaenda kwenye mashine badala yake. Nikaiwasha, bila taulo. Namba ikawakawaka mbele ya Haji Dhaifallah, mbele ya wajomba, mbele ya Raed: mia na thelathini na nne. Hakuna aliyekuwa ameibadilisha. Nikabonyeza kitufe cha kushuka, nikakishikilia, namba zikaporomoka, mia na ishirini, mia moja, tisini, mpaka themanini. Nikageuka.

"Huyu hapa ni mimi," nikasema. "Kilo themanini, mjue nyote. Wiki sita niliona haya kuandika namba mbele yenu, na haya yangu imemgharimu Mutasim wiki sita. Nakupenda, shangazi. Ulinilea, na siku nitakayotoka hospitali nitakuja kula kwako kabla sijaingia kwetu. Lakini marehemu alikuwa na kilo mia na thelathini na nne, mashine ilinihesabia mwili wake, na nilichosema ni kweli. Kahawa inywewe, imwagwe, ipoe. Siombi radhi."